Ordinatere ya koperative ikikataa kuamuka



Katika koperative moja ya kahawa karibu na ziwa Kivu, sekretere alikuwa anaandika kilo za kila mulimaji ndani ya ordinatere tangu asubui. Saa sita akafunika ordinatere, akaenda kula. Aliporudi akaifungua: kioo cheusi. Akafinya buto ya kuwasha. Mashini ikaanza upya kabisa, na maandishi yakasema kwamba haikuzimwa vizuri. Liste ya ile asubui haikuonekana tena.

Jambo hilo lilirudi mara tatu ndani ya majuma mawili. Mara ya tatu walimaji wakaanza kusema: «Ordinatere inakula kilo zetu.» Wengine wakasema siyo ordinatere, ni sekretere. Kamati ikawaza mambo mawili: kununua ordinatere mupya kwa feza za wanamemba, na kuweka mutu mwingine kwenye ile kazi.

Nini ilipatikana? Tutawaambia mwishoni. Kwanza tuelewe namna ordinatere inalala na namna inaamuka, juu ugonjwa huu unaonekana katika koperative nyingi, na mara mingi watu wanatoa feza kwa kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika. Habari hii siyo ya sekretere peke yake. Ordinatere ilinunuliwa na sehemu zenu, na ndani yake muko kilo zenu. Hata kama haujagusa klavie hata siku moja, unaweza kuuliza maulizo mazuri siku ya mukutano.

KULALA SIYO KUZIMA

Ukifunika ordinatere, taa inapungua, kelele inaisha, unafikiri imezimwa. Haijazimwa. Kuna namna tatu za kupumzisha ordinatere, na kila moja iko na jina lake kwenye kioo.

Ya kwanza ni «Veille». Hiyo ni kulala. Kazi yote uliyofungua inabaki ndani ya memwari ya haraka. Memwari hiyo inafanya mbio, lakini iko na uzaifu moja: inataka kuranti kidogo kila wakati. Ikikosa kuranti hata kwa muda mufupi sana, inasahau yote.

Ya pili ni «Veille prolongée». Tuiite usingizi muzito. Mbele ya kulala, mashini inaandika kazi yote kwenye disiki, kisha inajizima. Disiki inakumbuka bila kuranti. Inachelewa kidogo kuamuka, lakini kuranti ikikatika usiku muzima, asubui unapata kazi yako fasi uliyoiacha.

Ya tatu ni «Arrêter», ni kusema kuzima. Programu zote zinafungwa. Kama haukuhifazi kazi yako, mashini inakuuliza kwanza.

Mama zetu wanajua jambo hili vizuri. Usiku mama anafunika makaa na majivu ili asubui awashe moto bila kutafuta kiberiti. Hiyo ni «Veille». Makaa yakiwa mazuri, asubui anapuliza tu, moto unawaka. Makaa yakiwa kidogo, asubui anakuta majivu matupu. Haiko kosa ya majivu. Ni makaa hayakutosha. Kwa ordinatere, makaa ni batri na kuranti ya prizi.

ANGALIENI ALAMA MBELE YA KUSEMA UGONJWA

Watu wanasema tu: «Ordinatere imeanguka.» Lakini kuna namna ine za kuanguka wakati wa kuamuka, na kila moja inaonyesha njia yake. Mara hiyo hiyo chukueni kaye, muandike mulichoona.

Alama ya kwanza. Taa zote zimezimika. Ukifinya buto, mashini inaanza upya kama asubui. Hapa tafuteni kwanza upande wa kuranti: batri, shajeri, prizi.

Alama ya pili. Taa inawaka, vantilatere inazunguka, lakini kioo kinabaki cheusi. Finyeni buto «Verr Maj» kwenye klavie. Kama kataa kake kanawaka na kuzimika, mashini iko nzima na inasikia. Ni picha tu haifiki kwenye kioo. Kwa mashini zenye Windows 10 ao 11, finyeni pamoja buto ine: ile ya Windows, Ctrl, Maj na B. Hiyo inaamusha upande wa picha bila kupoteza kazi. Jaribuni pia kumulika kioo na tochi ya simu. Mukiona picha kidogo sana nyuma ya weusi, ni taa ya kioo imekufa, na hiyo ni kazi ya fundi.

Alama ya tatu. Kioo kinakuwa bluu na maandishi meupe, kisha mashini inajiwasha upya yenyewe. Pigeni picha ya yale maandishi na simu, sana sana fasi imeandikwa «Code d'arrêt». Ile picha itapunguzia fundi saa mingi za kutafuta. Mara mingi ni piloti mbaya, ao memwari, ao disiki. Piloti ni programu ndogo inayoongoza kipande kimoja cha mashini: kioo, sauti, intaneti, imprimanti. Kila kipande kiko na piloti yake. Mashini ikilala, kila piloti inapashwa kulaza kipande chake. Ikiamuka, inapashwa kukiamusha. Moja ikikosa kufanya kazi yake, inaweza kuangusha mashini nzima.

Alama ya ine. Kioo kinarudi, liste yako unaiona, lakini klavie na surisi hazijibu. Mungoje dakika tano bila kugusa kitu. Kama disiki ni nzee ao imejaa, mashini inaamuka pole pole sana, na mutu mwenye haraka anaiua wakati inakaribia kusimama.

KWANZA OKOENI KAZI

Mashini ikikataa kabisa, finyeni buto ya kuwasha na kuishika mpaka izimike, sekunde kumi ao zaidi. Ngojeni kidogo, kisha washeni.

Kama mulikuwa munaandika na Excel, ifungueni kwanza mbele ya programu zingine. Kwa kawaida inaonyesha upande wa kushoto maneno «Récupération de document». Fungueni kila fishie iliyoonyeshwa hapo, na kuihifazi kwa jina mupya, mbele ya kufunga ule upande. Kama haionyeshi kitu, piteni kwa «Fichier», kisha «Informations», kisha «Gérer le classeur», kisha «Récupérer des classeurs non enregistrés».

Halafu linganisheni ile liste na kaye ya kupima. Excel kwa kawaida inajiwekea kopi ya haraka kila dakika kumi. Ni kusema walimaji wa dakika za mwisho wanaweza kukosekana. Hao ndio munapashwa kutafuta, jina kwa jina.

MAJARIBIO: MOJA KWA SIKU

Hapa ndipo watu wengi wanakosea. Siku moja wanabadilisha batri, wanaweka piloti mupya, wanaondoa modemu. Mashini inapona, lakini hakuna anayejua kilichoiponya. Ikirudi kuanguka, wanaanza upya. Ni sawa na kuweka mbolea, dawa na mbegu mupya katika shamba moja muhula mumoja: mavuno yakiongezeka, utasema ni nini ilisaidia? Basi fanyeni jaribio moja, muandike tarehe na matokeo, kisha lingine. Na kila jaribio lifanywe na fishie isiyo na maana, siyo liste ya malipo.

Jaribio la kwanza: batri. Hifazini kila kitu. Mashini ikiwa wazi na inafanya kazi, ondoeni shajeri kwenye prizi. Angalieni saa. Kama inazimika mara moja ao ndani ya dakika chache, batri imekufa, na mashini inaishi kwa prizi tu. Kama hesabu ya batri inaruka, kwa mufano kutoka 60 hadi 5 bila kupita katikati, batri iko mbioni kufa. Batri ya namna hiyo haiwezi kulinda mashini iliyolala.

Mukitaka hesabu kamili, andikeni cmd kwenye fasi ya kutafuta, fungueni «Invite de commandes», kisha andikeni powercfg /batteryreport na kufinya Entrée. Mashini inatengeneza ukurasa na kuonyesha fasi imeuweka. Katika ukurasa huo tafuteni hesabu mbili: DESIGN CAPACITY ni nguvu ya batri ilipokuwa mupya, FULL CHARGE CAPACITY ni nguvu inayobaki leo ikijaa. Kama ya kwanza ni 40 000 na ya pili ni 12 000, batri yenu inabaki na chini ya sehemu moja juu ya tatu.

Angalieni pia kwa macho. Kama chini ya ordinatere kumevimba, ao fasi ya kugusa kwa kidole imeinuka, batri imefura. Hapo simamisheni kazi. Zimeni, ondoeni shajeri, pelekeni kwa fundi. Musiitoboe, musiifinye, musiitupe kwenye moto: inaweza kuwaka na kuunguza nyumba pamoja na kahawa yenu.

Jaribio la pili: kuranti ya prizi. Lazeni mashini na shajeri ikiwa kwenye prizi. Kisha mukae pale, muangalie ka taa ka shajeri kwa saa moja. Je, jenereta inazimwa saa ya kula? Je, konvertisere ya plake za jua inakata yenyewe wakati batri zake zinashuka? Je, ile multiprizi inacheza, mutu akiigusa kuranti inakatika? Mashini iliyo macho inaonyesha mara moja kama kuranti imekatika. Iliyolala hailalamike. Utajua tu wakati wa kuifungua.

Muangalie shajeri yenyewe. Volti zilizoandikwa upande wa kutoka, kwa mufano 19,5 V, zipashwe kuwa sawa na zile zilizoandikwa chini ya ordinatere. Ampere ziwe sawa ao zaidi, zisiwe chini. Shajeri ya kuazima inaweza kuingia vizuri kwenye tundu na bado isitoshe.

Jaribio la tatu: vitu vya nje. Ondoeni fleshi, modemu, imprimanti, surisi, kila kitu. Lazeni mashini dakika mbili, iamusheni. Kisha muilaze nusu saa, iamusheni. Kama inaamuka vizuri mara zote, rudisheni kitu kimoja kimoja. Siku itakapoanguka tena, kitu ulichorudisha mwisho ndicho cha kushuku. Modemu za intaneti zenye piloti nzee zinaleta tabu hii.

Jaribio la ine: kifuniko. Badala ya kufunika, lazeni mashini kwa kuchagua «Veille» katika menyu ya kuzima, kifuniko kikibaki wazi. Iamusheni kwa kufinya buto ya klavie. Kama inaamuka vizuri hivyo, lakini inaanguka wakati wa kufunika na kufunua tu, shukuni kifuniko: bawaba zimelegea, ao waya wa kioo unaopita ndani ya bawaba umechoka. Hapo hakuna programu itakayosaidia.

Jaribio la tano: programu. Katika «Panneau de configuration», fungueni «Options d'alimentation», kisha «Choisir l'action des boutons d'alimentation», kisha «Modifier des paramètres actuellement non disponibles». Hapo ondoeni alama kwenye «Activer le démarrage rapide», muhifazi. Hiyo «démarrage rapide» inafanya kwamba hata ukizima, mashini inabakisha sehemu ya programu zake kwenye disiki ili iwake mbio. Makosa ya jana yanaweza kurudi kesho. Ndiyo maana pia «Redémarrer» inaponyesha vitu ambavyo kuzima na kuwasha havikuponyesha.

Kisha fuateni piloti. Ya picha ndiyo ya kwanza, halafu ya intaneti bila waya. Zichukuliwe kwa mutengenezaji wa ile mashini, kufuatana na namba ya modeli iliyoandikwa chini yake, siyo kwenye fasi yoyote inayosema itaponya ordinatere bure. Kazi hiyo inakula mega mingi. Muifanye mujini, siku ambayo hakuna kununua kahawa. Na kama fundi anataka kubadilisha ile programu ya ndani kabisa inayoitwa BIOS, afanye hivyo fasi yenye kuranti ya kweli na batri imejaa. Kuranti ikikatika katikati ya kazi hiyo, mashini inaweza isiwake tena.

Jaribio la sita: memwari na disiki. Tafuteni «Diagnostic de mémoire Windows». Inawasha mashini upya na kupima memwari. Inaweza kuchukua muda murefu, basi muifanye jioni, shajeri ikiwa kwenye prizi. Ikionyesha kosa, fundi atafungua, atatosha ubao wa memwari, atausafisha na kuurudisha vizuri. Vumbi na barabara zetu mbaya zinatosha kuulegeza. Angalieni pia «Ce PC»: kama mustari wa disiki C ni mwekundu, disiki imejaa. Ondoeni filme na nyimbo. Ordinatere ya koperative haiko ya kuhifazi filme.

MAMBO YA KUEPUKA

Musiweke ordinatere iliyolala ndani ya sakoshi kwa safari ya moto. Mashini zingine hazilali kabisa. Zinabaki nusu macho ili kupokea habari. Ndani ya sakoshi zinapata moto, batri inaisha, na mukifika munakuta imekufa. Kwa safari, zimeni.

Musikubali fundi afute kila kitu na kuweka Windows mupya mbele ya kuondoa kopi ya fishie zote. Wengine wanaanza na dawa hiyo kwa kila ugonjwa. Kama ugonjwa ni batri, ataifuta mara tano, na itaanguka mara ya sita.

Musinunue kitu mbele ya kuonyeshwa jaribio. Muulize fundi kwa heshima: «Papa, ulionaje kama ni hiki?» Fundi muzuri ataonyesha.

MPAKA IPONE: SHERIA TANO ZA BIRO

1. Mbele ya kuinuka kwenye kiti, finyeni Ctrl na S pamoja. Hata kama munaenda kupokea mugeni kwenye mulango tu.

2. Badilisheni maana ya kufunika. Katika «Options d'alimentation», piteni kwa «Choisir l'action qui suit la fermeture du capot», muweke «Veille prolongée» kwa pande zote mbili, «Sur la batterie» na «Sur secteur». Kama neno hilo halionekani, fundi atalifungua kwa kuandika powercfg /hibernate on katika «Invite de commandes» iliyofunguliwa «en tant qu'administrateur». Ijaribuni mara kadhaa na fishie isiyo na maana. Kama inaanguka hata hivyo, muwe munazima kabisa.

3. Katika Excel, piteni kwa «Fichier», «Options», «Enregistrement», mushushe zile dakika 10 hadi 5. Lakini mukumbuke: hiyo inasaidia kuokoa, haichukue fasi ya kuhifazi.

4. Kila jioni kopi iende kwenye fleshi mbili. Moja inabaki katika biro, nyingine inalala kwa mutunza feza. Nyumba ikiungua ao mwizi akiingia, kilo za watu hazipotei.

5. Kwenye balanse, kaye ndiyo ya kwanza. Kila mulimaji anaondoka na kakaratasi kake chenye tarehe, kilo, bei na sinyatire. Karatasi ya karboni inatoa kopi mbili kwa mukono mumoja. Ordinatere inakuja nyuma kwa kujumlisha.

MUMUAMBIE FUNDI NINI

Musimwambie tu «imekufa». Pelekeni kaye yenu. Aone: ni alama gani kati ya zile ine, inaanguka ikilala dakika mbili ao saa mbili tu, shajeri ilikuwa kwenye prizi ao hapana, ilianza tangu siku gani, na siku hiyo nini kilibadilika katika biro. Jibu la ulizo la mwisho mara mingi ndilo linafungua mulango. Fundi anaweza pia kufungua «Observateur d'événements». Akikuta pale Kernel-Power yenye namba 41, inamaanisha mashini ilijiwasha upya bila kuzimwa vizuri mbele. Namba hiyo haisemi sababu, na saa yake ni ya mashini kuwaka upya, siyo ya kuanguka. Basi muulize pia: mbele ya hapo, nani alikuwa hapa?

ILE KOPERATIVE ILIPATA NINI

Turudi kwa koperative yetu ya kahawa. Mbele ya kununua ordinatere mupya, prezida aliomba fundi moja apite. Fundi hakufungua mashini. Alikaa na kuuliza.

«Mama sekretere, ukienda kula, unazima ao unafunika tu?»

«Nafunika tu, papa. Njo vile walinifundisha.»

«Na shajeri?»

«Inabaki kwenye prizi. Naiacha pale, naikuta pale.»

Fundi akafanya jaribio la kwanza: akaondoa shajeri mashini ikiwa macho. Ikazimika palepale. Batri ilikuwa imekufa zamani. Hakuna aliyejua, juu mashini ilikuwa siku zote kwenye prizi. Lakini hiyo ilikuwa nusu ya jibu. Kama shajeri inabaki kwenye prizi, kuranti inakatikaje?

Kesho yake, saa sita, sekretere akafunika mashini na kwenda. Fundi akabaki amekaa nje, karibu na dirisha. Haikupita dakika kumi, kijana mumoja anayesaidia kwenye balanse akaingia na simu yake. Akaondoa shajeri ya ordinatere, akaweka ya simu. Mbele ya sekretere kurudi, akairudisha vizuri fasi yake.

Fundi akamuita. Kijana hakukana. Akasema: «Muzee, ordinatere ilikuwa imelala. Niliona haina kazi na kuranti. Nilikuwa naazima tu.»

Hakuwa mwizi, na hakuwa na nia mbaya. Alifikiri vile wengi wetu tunafikiri: kilicholala hakili. Na kwa sababu alikuwa na adabu ya kurudisha shajeri, hakuna mutu aliyeweza kuona sababu.

Kamati ikachukua makaye na tukakaratasi twa wale walimaji wa zile siku tatu. Siku mbili zilikuwa kamili. Zile kilo zikaandikwa upya, wakalipwa. Siku ya tatu foleni ilikuwa ndefu na tukakaratasi hatukutolewa kwa wote. Kwa hao walipashwa kukaa pamoja, kuuliza mashahidi, na kukubaliana. Hapo palikuwa na maneno makali, na wengine mpaka leo wanasema walipoteza. Ordinatere haikuweza kuwasaidia. Kakaratasi kangewasaidia.

Koperative ikanunua batri, siyo ordinatere. Ikaongeza multiprizi ya simu, fasi yake mbali na ile ya biro. Sekretere akabaki kwenye kazi yake, na katika mukutano uliofuata prezida alimuomba musamaha mbele ya wote, kwa sababu maneno mabaya yalisemwa mbele ya wote.

Basi, wapendwa wanamemba, mukisikia siku moja kwamba ordinatere yenu inakataa kuamuka, musianze na kutafuta mukosaji ao na kufungua sanduku la feza. Anzeni na kaye, na saa, na ile prizi. Muulize: ililala na makaa ngapi?